Mtoto wa Mama Kamala

Nakumbuka asubuhi moja sisimizi walipokataa kuja. Usicheke, mwanangu. Najua ulikuja hapa Izimbya kunionyesha video kwenye simu yako, hukuja kusikiliza habari za sisimizi. Lakini video yako nimekaa nayo kichwani siku tatu sasa, na kila nikiitafakari naliona bakuli la maziwa limekaa mezani bila mdudu hata mmoja. Basi vuta kiti. Tafuna hizo punje za kahawa nilizokuwekea, uniache niseme mpaka mwisho.

Yule bwana wa kwenye simu anasema vizuri, sikatai. Ana msalaba kifuani na taji la maua shingoni, na sauti yake ni ya mtu aliyeshiba. Anasema Krishna wa Wahindu na Kristo wetu ni mmoja aliyebadili vazi. Anasema ile miaka ya Yesu ambayo Injili haikuisimulia, aliitumia Bara Hindi akijifunza. Anasema Wahindu wote ni Wakristo wasiojijua. Nawe ukaniambia, macho yakikung'aa, kwamba Jumapili utayasema hayo mbele ya vijana wenzako usharikani, na kabla ya hapo utashuka Bukoba mjini umwambie rafiki yako Bhavesh, yule wa duka la vipuri, kuwa ameshakuwa Mkristo siku nyingi ila hana habari. Niliposikia hilo la Bhavesh niliogopa. Maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na miaka kumi na saba, nikayafanyia na kazi.

Kwetu ni Kishanda, kule Muleba, unapajua. Pale madukani palikuwa na nyumba moja ya bati yenye baraza ndefu na duka mbele, na ndani yake aliishi mama wa Kihindi tuliyemwita Mama Kamala. Kamala lilikuwa jina lake mwenyewe. Mtoto hakuwa naye, lakini mwanamke mzima kwetu haitwi jina kavu, kwa hiyo watu walimpa huo umama bila kumuuliza. Mumewe alikuwa mnunuzi wa kahawa, akafa. Ndugu zake walihamia Mwanza, yeye akakataa kuondoka. Alisema maji ya Kishanda ameshayazoea.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho kama tunavyosema. Aliona mwanga na kivuli, basi. Nilipomaliza darasa la saba nilikaa nyumbani miaka kadhaa nikisaidia shambani, kisha mama akanipeleka kwake nimsaidie kazi. Nilichota maji, nikapika dengu na chapati, nikamsomea barua. Siku nikila samaki kwetu nilisukutua kinywa mara tatu kabla ya kuvuka kizingiti chake, maana pua yake ilikuwa imechukua kazi ya macho. Aliniita Eliza, akilivuta jina langu polepole. Aliwaambia wateja wake, "Macho yangu ndiyo haya yamesimama hapa." Mimi nilivimba kichwa.

Katika chumba cha ndani palikuwa na meza ndogo, na juu yake fremu yenye kioo, na ndani ya fremu picha ya mtoto mnene wa rangi ya buluu, anatambaa, ana donge la siagi mkononi. Huyo ndiye Krishna akiwa mtoto. Nilidhani Wahindu wote husujudu na kuogopa mbele ya miungu yao. Mama Kamala hakuogopa. Alimlea. Alfajiri alipiga kengele ndogo ya shaba kumwamsha. Alimfuta kioo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akamwashia taa ya samli na udi, akamwekea bakuli la maziwa yenye sukari. Mchana alimfunika kitambaa apumzike. Jioni alimwimbia wimbo wa kulala. Yale maziwa yakishakaa mbele ya picha alikunywa nusu, nusu akanipa mimi. Ndiyo, nilikunywa, Mlutheri wa darasa la kipaimara. Nilijiambia dhamiri yangu ni thabiti, lakini kusema kweli ni ile sukari.

Na kila asubuhi sisimizi walikuja. Walitoka kwenye ufa wa ukuta, wakapanda mguu wa meza, wakafika ukingoni mwa bakuli. Siku ya kwanza nilitaka kuwapangusa. Mama Kamala alinizuia. "Waache," alisema. "Mtoto hapendi kula peke yake."

Nataka uelewe, mwanangu, kwamba nilimpenda mama yule. Ubaya nilioufanya sikuufanya kwa chuki. Ningekuwa na chuki ningeshtuka mapema.

Mwaka huo alikuja mgeni kutoka Mwanza, Kishor, mtoto wa kaka yake. Kijana msomi, suruali imenyooka, saa ya chuma mkononi. Alikaa siku mbili akimtazama shangazi yake akimwosha mtoto wa kwenye fremu, na nikaona anaona haya. Akaniita barazani kunieleza, asije akaonekana mshamba mbele ya mtumishi. "Sisi tuliosoma hatuendi hivyo," aliniambia. "Dini yetu ukiielewa kisasa, hizi picha ni alama tu. Krishna ni hali ya nafsi. Hata Yesu wenu alikuwa mwalimu wa njia hiyo hiyo, alikuja kwetu kujifunza. Ni mmoja, basi tu watu wa zamani hawajui." Alipoondoka aliniachia kijitabu.

Mwanangu, kijitabu kile nilikisoma mpaka kurasa zikaachana. Kilikuwa cha Kiingereza na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini niliyoyaelewa yalinitosha. Mtoto anazaliwa kwa siri. Mfalme katili anaua watoto wachanga akimtafuta yeye. Wazazi wanamtorosha. Nikasema, huyu si Herode huyu? Nilihisi nimefunuliwa jambo ambalo wachungaji wote wamenificha. Nikakimbia kwa Mama Kamala na furaha yangu.

"Mama, unajua wewe ni Mkristo?"

Alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Nikamweleza yote, Herode na Bara Hindi na nafsi. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Kishor ni mtu wa vitabu," alisema. "Anasema mtoto wangu ni wazo. Wazo halinywi maziwa, Eliza. Yesu wenu nasikia ni mtu mwema sana, na ukija kuolewa, mumeo akikukataza kumpenda usikubali. Lakini huyu wa kwangu mimi namwosha kila siku."

Akaendelea na mchele wake. Hapo ndipo ningeishia kama ningekuwa na akili. Waliosema siri ya mtungi aijuaye ni kata hawakukosea. Lakini darasa la kipaimara lilikuwa linakaribia mwisho, na mwinjilisti wetu, Mzee Zakaria, alikuwa ametuhimiza kila mmoja wetu amlete jirani kwa Kristo. Wenzangu walikuwa na majirani walevi na wajomba wenye wake watatu. Mimi nilikuwa na Mhindi. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: kama Krishna na Kristo ni mmoja, nikimbadilishia picha hapotezi kitu, na kama si mmoja, anapata faida. Mwizi hakosi hoja, mwanangu. Anayekuambia kitu chako na changu ni kimoja, mtazame mikono.

Siku moja alipokwenda kuoga niling'oa misumari minne ya nyuma ya fremu. Nilimtoa mtoto na kadibodi yake. Nikaweka picha ya Yesu niliyoikata kwenye kalenda ya usharika, Yesu mtu mzima, ndevu, mkono kifuani. Ilienea vizuri kabisa, na nikaona hiyo ni ishara. Nikagonga misumari kwa kisigino cha kiatu. Yule mtoto nilimviringisha ndani ya kipande cha khanga, jioni nikaenda naye nyumbani, nikamsukumia nyuma ya magunia ya kahawa katika stoo ya baba.

Kesho yake nilifika mapema nishuhudie ushindi wangu.

Mama Kamala alipiga kengele. Kwa kawaida akishapiga aliinama kidogo, akatabasamu, akaanza kuongea Kihindi chake. Siku hiyo aliinama akabaki ameinama. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Leo hajaamka," alisema.

Nikasema pengine baridi. Alimfuta, akawasha taa, akaweka maziwa. Tukakaa. Nilitazama ule ufa wa ukutani nikiwangoja sisimizi, bila hata kujua kwa nini nawangoja. Hawakuja. Alipokunywa nusu yake alinipa nusu yangu, na yale maziwa, yenye sukari ile ile ya jana na juzi, sikuyamaliza.

Hawakuja kesho yake wala keshokutwa. Jikoni walikuwepo, kwenye kopo la sukari walikuwepo tele. Katika chumba kile hapana. Nilimwaga sukari kidogo mezani makusudi, mbele ya picha ya Bwana wangu, ili waje nitulie. Sukari ikakaa siku nne, nyeupe vile vile. Nikawa sipendi kuingia chumbani peke yangu. Yesu wa kalenda alinitazama kwa upole ule ule aliokuwa nao ukutani kwetu, na ule upole ndio ulionitisha, kwa sababu nilihisi na yeye amewekwa mahali bila kuambiwa.

Mama Kamala alianza kukonda. Kengele aliipiga mara nyingi, asubuhi, mchana, wateja wakiwa dukani. Alifunika fremu mapema na kuifunua kabla ya wakati, kama mama mwenye mgonjwa. Siku moja saa tano asubuhi, jua linawaka nje, nikiwa napepeta mchele, aliniita kwa sauti ya chini.

"Eliza. Wewe una macho. Njoo unitazamie. Mtoto anapumua?"

Nilisimama mbele ya picha niliyoiweka kwa mikono yangu. Nikasema, "Anapumua, Mama." Mwanangu, nimesema uongo mwingi katika maisha haya, mwingine kwa wazazi, mwingine kwa mume. Huo ndio ninaousikia nikiwa peke yangu.

"Basi amenikasirikia," alisema. Kuanzia siku hiyo hakula.

Kwetu nako mambo hayakukaa sawa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa kiziwi wa miaka mingi. Radi ya Kagera, unaijua inavyopasua, yeye aliiona tu kwenye nyuso zetu. Adhuhuri moja alikuwa mlangoni pa jiko akimenya ndizi, akanyanyua kichwa.

"Waitu, mtoto wa nani huyo mnamwacha analia stoo?"

Mama akacheka, akamwonyesha kwa mikono kwamba hakuna mtoto. Bibi akarudi kwenye ndizi zake. Kesho yake, saa ile ile, akauliza tena. Siku ya tatu hakuuliza. Aliacha kisu, akajikongoja mpaka mlango wa stoo, akakaa chini pale mlangoni, na akaanza kuimba ule wimbo aliotubembelezea sisi. Mama yangu alisema uzee umeingia. Mimi nilikwenda nikaweka sikio kwenye ubao. Sikusikia kitu. Ningesikia kilio labda ningekimbia na kisha kuzoea. Lakini kukaa pale, bibi anaimba, nami sisikii chochote, na harufu ya udi inatoka kwenye upenyo wa mlango mahali ambapo hapajawahi kuwashwa udi, hilo sikuwa na pa kulipeleka.

Utaniuliza kama ni kweli au ni hofu yangu tu. Sijui. Ile khanga huenda ilikuwa na harufu ya nyumba ya Mama Kamala. Bibi huenda alikuwa ameanza kuchanganyikiwa. Nimejieleza hivyo miaka mingi na maelezo yenyewe hayana kasoro.

Jumamosi baada ya darasa nilibaki kwa Mzee Zakaria. Alikuwa nyuma ya nyumba ya ibada akigeuza kahawa yake juu ya mkeka. Hata wakati huo, usinishangae, nilianza kwa kujisifu. Nilimwambia nimemleta Mhindi kwa Kristo, anaomba mbele ya picha ya Bwana kila siku, majuma matatu sasa.

Hakusimama. Aliendelea kugeuza kahawa. "Amekubali?"

"Hajui, Baba Mwinjilisti. Haoni."

Mkono wake ukasimama. "Sasa hapo aliyeongoka ni nani, yule mama au fremu?"

Nikamweleza kijitabu, Herode, kwamba ni mmoja. Alinisikiliza huku akinitazama, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyoona maneno yangu yanapungua uzito. Mwisho nikamwambia na la bibi, na la sisimizi, nikalia.

Mzee Zakaria hakunibembeleza. Alikuwa mpole kwa wenye dhambi na mkali kwa wenye hoja. Alisema, "Sikiliza, binti. Mimi huyo mtoto wa buluu simwamini. Nilibatizwa nikiwa mtu mzima na najua nilichokiacha, kwa sababu nilikiacha mwenyewe, mchana, watu wananiona. Hakuna aliyekuja kunibadilishia nilipokuwa naoga. Wewe umevunja amri ya saba na ya nane kwa siku moja, umeiba na umemshuhudia jirani yako uongo, halafu umekuja nikupigie makofi? Mbinguni haingii mtu kwa kudanganywa. Na Bwana Yesu umemfanya nini? Umemvika jina la mtu mwingine ukamtuma akaibe mapenzi ya kipofu. Ondoka hapa. Mrudishie mama wa watu mtoto wake."

Nilikimbia. Stoo niliifungua, nikavuta magunia. Ile khanga ilikuwa na udongo mwekundu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, na kati ya vitu vyote vya stoo ile, mbao, magunia, mikeka, walikuwa wamekula kimoja tu. Nilifungua. Uso wote haukuwepo. Lilibaki tumbo, miguu miwili ya kutambaa, na mkono mmoja umeshika siagi. Nilikaa chini nikatamani mchwa wangenila mimi. Bibi alikuwa mlangoni. Alinitazama nikitoka na lile bunda, akasogea kunipisha, akanyoosha mkono akaligusa kidogo, kama anavyoguswa mtoto mgongoni akiwa amebebwa.

Mvua ilinikuta njiani. Duka lilikuwa limefungwa. Nilipita mlango wa uani, nikamkuta Mama Kamala amelala kwenye kitanda cha kamba katika chumba cha ndani, kengele kiganjani. Alikuwa amebaki ngozi na mifupa. Taa ilikuwa imezimika na hakuwa ameiwasha.

"Eliza," alisema, "umekuja na nani?"

Sikuwa nimesema neno. Nikapiga magoti, nikamweka mtoto mikononi mwake, nikasema yote. Sikuacha kitu, hata misumari, hata kisigino cha kiatu, hata ule uongo wa kupumua. Alisikiliza huku vidole vyake vinatembea juu ya karatasi. Vilipita miguu, vikapita tumbo, vikafika palipokuwa na uso. Kidole kimoja kikazama, kikatokea upande wa pili. Akakiacha pale.

"Mchwa," nilisema. "Mama, uso haupo. Nisamehe."

"Mkono upo?"

"Upo mmoja. Wa siagi."

"Basi atakula. Uso wake mimi naujua, Eliza. Sijauona miaka saba. Mimi sikukosa uso."

Akamlaza mtoto kifuani, akamfunika kwa upindo wa sari. Mimi nilikuwa nangoja nifukuzwe, na ningeshukuru. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nilikuwa nimeuona kwa macho yangu majuma matatu mazima nikaunyamazia. Lakini swali lililofuata sikulitarajia.

"Na yule niliyekuwa nikimwamsha? Yule wa kwenye kioo. Ni nani?"

"Ni Yesu, Mama."

"Mtoto au mkubwa?"

"Mkubwa. Ana ndevu."

Mama Kamala alikaa kitandani. Aliweka mkono mdomoni. Nilidhani analia, kumbe kilichomtoka kwanza ni kicheko kidogo, cha aibu. "Bhagwan," alisema, akimwita Mungu kwa lugha yao. "Nimemwimbia mtu mzima nyimbo za kulala." Kisha kicheko kikakatika na akalia kweli, akageuzia uso wake kwenye ile fremu.

"Majuma matatu," alisema. "Mgeni amekaa nyumbani kwangu majuma matatu, nami namwita kwa jina la mwingine. Nimemgombeza. Nimemwuliza kwa nini haamki, kwa nini ananichukia. Hakunijibu neno, kwa adabu. Masikini. Alikuwa anajua si yeye ninayemtaka, na hana pa kwenda." Akanigeukia. "Eliza, mimi simfahamu vizuri, wewe ndiye mwenyeji wake. Mwombe radhi kwa niaba yangu."

Mwanangu, kipofu asiyebatizwa ndiye aliyenifundisha kumheshimu Yesu. Mimi niliyejua Katekisimu kwa moyo nilikuwa nimemtumia kama kiraka cha kuzibia kioo.

Alinifanya nimtoe polepole. Alitaka maji safi, akachovya vidole, akayagusisha chini ya picha ya kalenda, akasema mgeni haondoki nyumbani kwake bila maji. Akanipa kitambaa cheupe kisichotumika, yeye mwenyewe akamfunga ndani yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Halafu tukamrudisha mtoto kwenye fremu yake, bila uso, na misumari ikarudi kwenye matundu yale yale. Akapiga kengele. Mvua ilikuwa inapiga bati sana na sikusikia alichosema. Nilimwona tu anainama na kutabasamu.

Alikunywa maziwa siku ile, nusu yake. Aliponipa nusu yangu, kulikuwa na sisimizi wawili ukingoni mwa bakuli.

Niliporudi nyumbani bibi alikuwa bado pale stoo. Alinitazama usoni, akasema kwa sauti yake kubwa ya kiziwi, "Wamemchukua? Kumetulia." Hakulitaja tena mpaka alipokufa.

Mwaka uliofuata Kishor alikuja kumchukua shangazi yake aende Mwanza kutibiwa macho. Mama Kamala alipanda gari na ile fremu mapajani, ameifunika jua lisimchome. Kishor alinitazama akatikisa kichwa, tuungane kuucheka ushamba. Sikumuunga mkono. Nilimwona, kwa mara ya kwanza, kijana mwenye kijitabu asiyejua shangazi yake anampenda nani. Nilijiona mimi.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii, na sitaizungusha. Usiwaambie vijana Jumapili usichokijua. Injili haikusema Yesu alikwenda Bara Hindi, basi nawe usimsafirishe. Hadithi mbili zikifanana, shukuru kwamba mna pa kuanzia mazungumzo, lakini usichukue kufanana kukawa ufunguo wa kuingilia nyumba ya mtu. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na hujui pia raha yake. Kuna watakaokuambia miungu ya Wahindu ni mashetani tu, na kuna huyu wako wa simu anayesema ni Yesu tu. Hao wawili wanaonekana maadui, lakini hakuna hata mmoja aliyekaa na Mhindi akamuuliza. Nenda kwa Bhavesh. Muulize anaamka saa ngapi kuomba, anamwita nani, mama yake alimfundisha nini. Sikiliza mpaka mwisho. Akikuuliza wa kwako, mwambie wa kwako ni Kristo, kwa jina lake, mchana, bila kumvika nguo ya mwingine. Akikubali, akubali akijua. Akikataa, mnywe chai mmalize, urudi kwake kesho. Majuto ni mjukuu, na mimi wa kwangu nimemlea miaka yote hii.

Fungua kile kikasha. Hicho kitambaa cheupe ndicho, na aliyemo ndani ni yule wa kalenda. Nusa. Umesikia? Ego, ndiyo, ni udi. Sijawahi kuwasha udi katika nyumba hii na simwulizi mtu tena. Kila Jumapili kabla ya ibada namwomba radhi kwa niaba ya Mama Kamala, kisha kwa niaba yangu.

Macho yangu, kama unavyojua, yameanza ukungu. Mwaka huu herufi za Biblia zimekataa kabisa, na kila ukija wewe ndiye unayenisomea jioni, nami naamini unachosoma ndicho kilichoandikwa. Mungu wa Mzee Zakaria akubariki, mwanangu. Akupe ulimi mkweli na sikio refu kuliko ulimi. Akupe marafiki usiowaonea haya wala wao wasikuonee haya. Na uzee ukikufika, mwanga ukakuacha, akujalie mtu mwaminifu wa kukufutia kioo.